Wa saa kumi na moja kalipwa sawa na wa alfajiri: tunavyoielewa vibaya neema

Juzi tumetoka kuzika mzee mmoja huko juu Machame, mlevi aliyejulikana kijiji kizima, katubu wiki mbili kabla hajafa na mchungaji kamhubiri vizuri tu. Tukiwa kwenye foleni ya chakula mama mmoja wa kwaya akaninong'oneza, "sasa sisi wa bahasha kila mwaka tunafaidi nini?" Swali zuri aisee, ila ndani yake kuna dhana potofu kibao. Yesu aliligusa kwa mfano wa Mathayo 20: mwenye shamba la mizabibu kaajiri vibarua alfajiri, kaendelea kuongeza wengine mpaka saa kumi na moja jioni, halafu wote kawalipa sawa.

Dhana: mwenye shamba wa Mathayo 20 aliwadhulumu waliotangulia.

Ukweli: hakumdhulumu mtu. Walipatana dinari moja, ndo ilikuwa kibarua cha kutwa enzi hizo, na jioni wakapewa dinari yao kamili. Sisi huku inatuuma kwa sababu tumezoea kahawa, umechuma debe tatu unalipwa debe tatu. Halafu cheki alichofanya, alianza kuwalipa wa mwisho, wale wa alfajiri wamesimama wanaona, wakaanza kupiga hesabu kichwani kwamba yetu itakuwa nono, hapo ndo manung'uniko yalipoanzia, maana angeanza na wao wangeshika chao wakaenda zao nyumbani wala wasingejua. Na sisi Waswahili tuna bahati, saa kumi na moja ya kwenye Biblia ndo hii hii yetu ya jioni, limebaki kama lisaa jua lizame.

Dhana: wale wa saa kumi na moja walikuwa wavivu.

Ukweli: wenyewe walijibu hakuna aliyetuajiri. Kapite kwenye vijiwe vya vibarua mjini saa nne asubuhi, waliobaki wapo na chepeo zao, na watoto nyumbani wanataka ugali ule ule. Kumbukumbu la Torati 24 inaagiza kibarua alipwe kabla jua halijatua, maana ni maskini.

Dhana: Agano la Kale ni adhabu tupu, neema kaja nayo Yesu.

Ukweli: msome Yona sura ya 4. Kakasirika mpaka anaomba kufa, eti Ninawi, mji wa waovu aliotumwa kuuonya, umesamehewa! Na anasema wazi kabisa alikimbilia Tarshishi kwa kuwa alijua Mungu ana rehema. Mama wa kwaya ana ndugu yake pale.

Dhana: neema ni ya Walutheri, Wakatoliki wanahesabu matendo.

Ukweli: Moshi familia nyingi zina wote wawili, na ubishi huu hauishi kila Krismasi. Lakini tarehe 31 Oktoba 1999, kule Augsburg Ujerumani, Shirikisho la Walutheri Duniani na Kanisa Katoliki walisaini tamko la pamoja kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema, sio kwa kustahili kwetu.

Dhana: basi tule bata, tutatubu mwishoni. Paulo alishalikataa hilo Warumi 6, sina la kuongeza.

Yule mama nikamweleza habari ya debe, akacheka sana, ila kasema ingekuwa yeye yule mzee angempa robo debe tu.