Afisa wa sitaha kwenye kivuko: yanayosemwa na yaliyopo

Abiria wengi humwona mara mbili tu. Kwanza anaposimama kwenye mlango wa magari, redio mkononi, akiliashiria lori lirudi nyuma kidogo. Kisha kamba zinapofunguliwa. Baada ya hapo hutoweka, na watu hubaki kubuni wenyewe anafanya nini. Mengi wanayobuni hayamdhuru mtu. Machache, afisa mwenyewe akianza kuyaamini, huua.

"Kupanga magari ni kazi ya mlinzi wa maegesho"

Nianze na hili kwa sababu ndilo linalodharauliwa kuliko yote. Mlinzi wa maegesho hutafuta nafasi. Afisa anayepakia kivuko kila gari kwake ni uzani. Lori la tani 30 likikaa kushoto linadai mwenzake kulia. Mizigo mizito hukaa chini, kwa sababu ikirundikwa juu meli inakuwa na kichwa kizito: ikilala upande, inachelewa kuinuka. Na hapa kuna dhana nyingine ndani ya hiyo. Abiria husifu meli inayoyumba taratibu kama bembea, wakasema ni tulivu. Afisa anayejua kazi yake akihisi myumbo umekuwa wa polepole kuliko kawaida, anaanza kuwa na wasiwasi. Meli inayorudi wima kwa haraka inachafua tumbo, lakini ina nguvu ya kujiinua.

Kabla ya kuondoka, afisa mkuu hupiga hesabu: mzigo uliopakiwa, mafuta na maji yaliyomo kwenye matangi, farumi, yaani uzito wa kuitulizia meli, iliyo chini kabisa. Kisha husomwa zile namba zilizochorwa ubavuni, omo (mbele) na tezini (nyuma), kuona chombo kimezama kiasi gani. Namba hizo hazidanganywi na karatasi. Ikiwa madereva wametaja uzani mdogo ili wapunguziwe nauli, maji yatawasema.

Feri ya Sewol ya Korea Kusini, iliyopinduka tarehe 16 Aprili 2014, ilikuwa imebeba shehena kuliko ilivyoruhusiwa, farumi imepunguzwa, na mizigo haikufungwa sawasawa. Ilipokata kona kwa ghafla mizigo iliteleza upande mmoja, na meli haikuinuka tena. Walikufa watu 304. Ndiyo maana afisa hupita katikati ya malori akivuta minyororo kwa mkono, mmoja baada ya mwingine. Mnyororo uliolegea unaonekana sawa na uliokaza mpaka uushike.

Kwa nini maji kidogo tu kwenye sitaha ya magari yanatisha? Beba beseni pana lenye maji ya vidole viwili, kisha liinamishe kidogo. Maji yote hukimbilia upande ulioinama na kuuvuta zaidi. Sitaha ya magari ni beseni la namna hiyo: pana, ndefu, na mara nyingi haina kuta za kukatiza, maana magari lazima yapite kutoka omo hadi tezi.

"Milango ikifungwa, taa inawaka, basi"

Tarehe 6 Machi 1987 feri ya Herald of Free Enterprise iliondoka Zeebrugge, Ubelgiji, milango ya omo ikiwa wazi. Serahangi msaidizi, yaani msaidizi wa msimamizi wa mabaharia wa sitaha, ambaye ilikuwa kazi yake kuifunga, alikuwa amelala chumbani. Afisa mkuu alidhani amemwona mtu akija kuifunga, akapanda juu kwenda kwenye nafasi yake ya kuondokea. Nahodha hakuletewa taarifa kwamba kuna tatizo, akachukulia kuwa hakuna. Katika chumba cha usukani hapakuwa na taa wala kioo cha kumwonyesha mlango. Dakika chache nje ya bandari maji yaliingia, meli ikalala ubavu. Waliokufa ni 193.

Angalia kwamba katika kisa hiki kila mmoja alikuwa na sababu yake ya kueleweka. Hapakuwa na mwendawazimu. Kila mtu alikuwa na haraka, na kila mtu alimwamini mwenzake.

Baada ya hapo sheria za kimataifa zikataka taa za kuonyesha hali ya milango ziwekwe mbele ya macho ya afisa, pamoja na kamera. Lakini usiku wa tarehe 28 Septemba 1994, mawimbi ya Bahari ya Baltiki yalipoing'oa pua ya feri ya Estonia, ile sehemu ya omo inayoinuka ili magari yapite, taa za chumba cha usukani hazikuonyesha kwamba imetoka, na kutoka pale juu pua yenyewe haikuonekana. Walikufa 852. Kwa hiyo leo afisa mzuri hutazama taa, hutazama kamera, na bado hutaka kusikia sauti ya mtu aliye chini mlangoni ikisema: "Umefungwa, komeo limeingia." Ukimya hauhesabiki kuwa jibu.

"Nahodha ndiye anayeendesha muda wote"

Inategemea kivuko. Kwenye kile cha kuvuka mlango wa bahari kwa dakika kumi, ndiyo, mara nyingi nahodha hushika mwenyewe. Kwenye safari ya usiku kucha, zamu hugawanywa, na afisa wa zamu ndiye mwenye chombo: anabadili mwelekeo, anapunguza mwendo, anapiga honi, haombi ruhusa. Wajibu wake mwingine ni kumwita nahodha mara anapoona shaka, hata kama ni saa tisa usiku na nahodha ana hasira za usingizi.

Jambo ambalo wengi hawalijui: nahodha akiingia na kusimama pembeni na kikombe cha chai, zamu bado ni ya afisa. Inahama pale tu nahodha anapotamka wazi kwamba ameichukua, na wote wawili wakaelewana. Wakinyamaza, kila mmoja anaweza kudhani mwenziwe ndiye anayeangalia mbele.

"Njia ni ileile kila siku"

Njia ndiyo. Maji siyo. Mkondo wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, hausukumi kama wa maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, na upepo wa ubavuni hukishika kivuko kirefu chenye kuta za juu kama unavyoshika tanga. Halafu kuna magari ya baharini, kama nitaruhusiwa kuyaita hivyo: kati ya Dover, Uingereza, na Calais, Ufaransa, kwa mfano, feri hukatiza barabara kuu ya meli kubwa zinazopanda na kushuka. Wengine wanafuata njia, feri inavuka njia. Tena inavuka mara kadhaa kwa siku.

Hapo ndipo ufundi wa zamani unapofanya kazi. Afisa anachungulia meli iliyo upande wa kulia kupitia dira: nyuzi 047. Anasubiri dakika tatu, anachungulia tena: 047. Umbali ulikuwa maili 5, sasa 4. Kwa abiria aliyeegemea reli, meli ile imetulia tu pale mbali, inapendeza. Kwa afisa, namba isiyobadilika huku umbali ukipungua maana yake ni moja: wanakwenda kukutana. Kwa kuwa ile iko kuliani kwake, yeye ndiye wa kupisha. Na apishe kwa kona kubwa, mapema, ili mwenzake aione. Kupinda nyuzi tano, kisha tano nyingine, ni kama kunong'ona kwenye ngoma.

Wapo wanaosema feri hupishwa kwa sababu imebeba watu. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano, za mwaka 1972, hazimpi mtu haki kwa kuwa amebeba abiria. Bandari inaweza kuweka utaratibu wake, lakini baharini feri ni chombo cha injini kama vingine, na humpisha hata mvuvi aliyetandaza nyavu zinazomzuia kugeuka.

"Siku hizi kompyuta inafanya yote"

Kompyuta inafanya mengi, na vizuri. Lakini ule mtambo unaotaja majina ya meli zilizo karibu huonyesha zile tu zenye mtambo kama huo; dau la mbao halimo. Rada nayo hulipoteza dau hilo katikati ya mawimbi. Kanuni ya tano kati ya zile za kuzuia migongano bado inamtaka afisa aangalie kwa macho na kusikiliza kwa masikio. Ndani ya chumba cha usukani kuna hata kengele inayomtaka aonyeshe dalili ya uhai kila baada ya dakika kadhaa, kati ya 3 na 12. Asipoibonyeza, italia chumbani kwa mwingine. Aliyeibuni alikuwa anawajua binadamu.

"Wanalala nyumbani, hawachoki"

Kufunga gati ndiyo sehemu nzito ya safari, na kivuko cha masafa mafupi hufunga gati kutwa. Mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia unadai angalau saa 10 za kupumzika katika kila saa 24, na 77 kwa siku saba. Nina shaka kama karatasi za saa hizo huandikwa kwa ukweli kila mahali.

"Ukishazoea boti, unaweza"

Kuzoea kunasaidia, ila hakutoshi. Anayetafuta cheti cha afisa wa zamu kwenye meli kubwa hutakiwa awe na mwaka mzima baharini chini ya mafunzo yaliyoidhinishwa na daftari la kumbukumbu, au miezi 36 kama hakupitia njia hiyo. Macho hupimwa pia kwa rangi, kwa sababu usiku taa nyekundu na ya kijani ndizo zinazomwambia meli ya mbele inaelekea wapi. Kwenye vyombo vya abiria huongezwa mafunzo ya kuongoza umati. Honi ikilia mara saba kwa kifupi na mara moja kwa kirefu, ni dharura na watu hukusanyika; wakishakusanyika, boti zote za kuokolea zinapaswa kuweza kushushwa zikiwa na watu ndani ya dakika 30 tangu amri ya kuihama meli. Wakati huohuo kuna mtu atakayetaka kuteremka hadi kwenye gari lake kuchukua begi, na atapewa amri fupi ya kumrudisha, bila matusi.

Hata kupokezana zamu kuna masharti. Usiku, anayepokea husimama gizani kwanza mpaka macho yazoee, ndipo apewe chombo. Kama meli iko katikati ya kukwepa nyingine, hakuna kupokezana mpaka imalizike. Na anayetoka akimwona anayeingia hafai, amelewa au anayumba kwa homa, hampi. Anabaki palepale na kumwita nahodha, hata kama aliyekuja kumpokea ni rafiki yake wa miaka mingi.