Haidrojeni safi itokanayo na mwani mdogo: maana yake na namna inavyopatikana

Mkazi wa Bagamoyo akitajiwa mwani huwaza kwanza kamba na vigingi vya akina mama wa Mlingotini, wanaoshuka kuhudumia mashamba yao maji yanapokupwa. Mwani unaozungumziwa hapa ni mdogo mno, kiasi kwamba chembe yake moja haionekani kwa macho. Hutambulika pale tu zinapojazana, zikawa ule ukoga wa kijani unaotanda ndani ya tangi la maji lililoachwa wazi juani. Haidrojeni safi itokanayo na mwani huo ni gesi ambayo viumbe hao huitoa wenyewe kwa kutumia maji na mwanga wa jua.

Haidrojeni ikiungana na oksijeni hutoa nishati na kubakiza maji, na kilo yake moja ina nishati inayokaribia mara tatu ya ile ya kilo ya petroli. Hata hivyo, sehemu kubwa ya haidrojeni inayotumika viwandani leo hutengenezwa kwa gesi asilia na makaa ya mawe, na ile ya gesi asilia huacha takriban kilo 10 za hewa ya ukaa kwa kila kilo moja inayopatikana. Kuisifu gesi hii bila kuuliza ilikotoka ni kujidanganya.

Katika usanisinuru, yaani kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, mwani huipasua molekuli ya maji, ukaachia oksijeni na kubaki na elektroni na protoni. Kwa kawaida elektroni hizo husaidia kutengeneza chakula cha mmea, lakini baadhi ya mwani una kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia) kiitwacho haidrojenasi, ambacho huziunganisha na protoni zikawa gesi ya haidrojeni. Mwaka 1942 watafiti Hans Gaffron na Jack Rubin walieleza jinsi mwani wa jenasi Scenedesmus, baada ya kukaa bila oksijeni, unavyotoa haidrojeni ukimulikwa.

Ugumu wote uko hapo, kwa kuwa haidrojenasi huharibiwa na oksijeni, na mwani uleule unaotakiwa kutoa haidrojeni ndio unaozalisha oksijeni kila unapopata mwanga. Mwaka 2000 mtafiti Anastasios Melis na wenzake walionyesha njia ya kuukwepa mgongano huo: waliunyima salfa mwani uitwao Chlamydomonas reinhardtii. Bila salfa, chembe hushindwa kukarabati mtambo wake wa kupasua maji, oksijeni hupungua, na ile kidogo inayobaki huishia katika upumuaji wa chembe zenyewe. Ndani ya chupa iliyozibwa, haidrojeni huanza kutoka na kuendelea kwa siku kadhaa, kisha mwani hudhoofika na kulazimika kurudishiwa salfa. Ni ugunduzi wa kupendeza kweli, ingawa mavuno bado ni haba: nishati ya jua inayogeuka kuwa haidrojeni kwa kawaida haifiki asilimia 2.

Jua la Bagamoyo halina upungufu, lakini Chlamydomonas reinhardtii ni wa maji baridi, ambayo watu wanayahitaji kwa kunywa na kumwagilia. Kwa pwani kama hii wa kufuatiliwa zaidi ni mwani wa maji ya chumvi, mathalani Tetraselmis subcordiformis, ambao nao umeonyesha uwezo wa kutoa haidrojeni. Wala hautafaa kufugwa katika madimbwi ya wazi mithili ya mashamba ya chumvi, kwa sababu gesi ingepaa yote. Unahitaji vyombo vinavyopitisha mwanga na kuzibwa barabara, na gharama ya vyombo hivyo ni miongoni mwa sababu kubwa zinazoifanya haidrojeni hii ibaki maabara hadi sasa.