Acheni kuyasingizia maji ya Arusha

Wiki hii tena. Kaka mmoja wa Njiro kanipigia, anubiasi zake tatu, mimea ya kwenye tangi la samaki, zimeoza, na kabla sijauliza chochote kashasema, "Si unajua maji yetu, floraidi." Ameshanunua maji ya kunywa, madumu matano ya lita 20, ajaze tangi lake la lita 100. Hela hiyo ingenunua taa na mbolea na chenji ingebaki. Nimechoka na hii habari kwa kweli, naandika mara moja ili anayefuata nimtumie asome.

Floraidi ipo, sibishi. Inatoka kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru, meno yetu ya kahawia yanaonyesha, na kule Maji ya Chai na Ngurdoto maji yanapita ile miligramu 1.5 kwa lita ya Shirika la Afya Duniani, watu wanachuja kwa mkaa wa mifupa. Ila hayo ni ya meno na mifupa ya binadamu. Kwangu valisneria, mmea wa majini wenye majani marefu kama utepe, imejaa tangi zima kwa maji yaleyale ya bomba, mpaka nagawa.

Cha kuangalia ni kingine. Mtu anasikia pH (kipimo cha asidi na alkali, 7 ndio katikati) ni 8 na ushee anasema "maji magumu". Sio magumu jamani! Maji mengi ya upande wa Meru yana sodiamu na baikaboneti kwa wingi, kalsiamu kidogo, ndio maana ukifua sabuni inatoa povu upesi. Na baikaboneti sio adui, valisneria na seratofilamu, mmea mwingine wa majini, zinachota kaboni humohumo, valisneria inaota Ziwa Tanganyika kwenye pH inayokaribia 9 na hakuna aliyeipelekea mtungi wa gesi ya kaboni dioksidi. Kinachopungua ni kalsiamu, na utaiona kwenye jani jipya, sio la zamani, linatoka limejikunja ncha imepinda, kwa sababu kalsiamu ikishakaa kwenye jani haihami. Hapo sasa watu wanatumbukiza maganda ya mayai na makombe ya baharini. Hayayeyuki! Kwenye pH ya juu yatakaa hapo mwaka mzima kama mapambo. Weka jasi (kalsiamu salfeti), kijiko kimoja cha chai kwa lita 100, na nusu kijiko cha chumvi ya Epsom (magnesiamu salfeti), rudia kwa kiasi cha maji unayobadilisha tu.

Jani jipya likiwa njano na mishipa ya kijani, hiyo ni chuma. Mbolea ya chuma huja imeshikwa na kemikali ya kuizuia isizame. Usichukue iliyoshikwa na EDTA, kwa pH yetu inakiachia chuma kinazama bure. Uliza EDDHA kwenye maduka ya pembejeo, maji yatakuwa mekundu kidogo, usiogope.

Basi nikaenda Njiro. Nikachomoa anubiasi moja, kumbe kaishindilia yote kwenye mchanga. Raizomu, ile fimbo nene inayotoa majani juu na mizizi chini, nikiibonyeza inapasuka kahawia kama ndizi iliyopitiliza, na harufu ya mtaro. Raizomu haizikwi! Ifunge kwa uzi kwenye jiwe, mizizi itajishikilia yenyewe. Halafu taa inawaka toka alfajiri mpaka saa tano usiku, mwani umevaa kila jani. Masaa 7 yanatosha, balbu ya LED ya wati 10, nyeupe ya 6500K (mwanga kama wa mchana), ya duka lolote la umeme. Tukakata palipobaki pagumu, vipande viwili urefu wa kidole, tukavifunga kwenye mawe ya Mto Themi. Wiki ya nne kanitumia picha, kijani kimechomoza kama ncha ya penseli.

Udongo chini ya mchanga ndio unaonisumbua mimi mwenyewe. Nilichota ndoo moja migombani nikagawa kwenye matangi mawili, moja likapendeza tangu mwanzo, la pili likatoa mapovu ya yai viza wiki sita, na mchanga wa juu ni uleule sentimita tatu. Kila sababu niliyojipa haikuniridhisha. Anayeanza namwambia mchanga mtupu kwanza.

Kabomba, mmea wa majini wenye majani membamba kama sindano, peke yake ndio nakubali tulaumu maji, ile baikaboneti haiwezi kuitumia, inachakaa na kupukutika sindano moja moja. Anayeitaka sana akinge mvua za masika kwenye pipa, achanganye nusu kwa nusu na ya bomba.