5H ni nukta tisa: kunasa Morse hafifu kwa sikio

Majina ya vituo vya redio ya ridhaa vya Tanzania huanza na 5H. Kwa Morse, 5 ni nukta tano na H ni nukta nne: nukta tisa, na katikati kipengo kidogo cha kutenganisha. Nukta hizo tisa ndizo zilizonifundisha kutobana sana chujio la redio, yaani sehemu inayopitisha ukanda mmoja tu wa masafa na kukata mengine; kulibana ni kuupunguza upana wa ukanda huo.

Usiku mmoja hapa Moshono, Arusha, nilinasa kituo hafifu kwenye MHz 7. Nilikuwa nimelibana chujio hadi hezi 50, kelele zote zimekwisha, imebaki sauti moja laini kama filimbi. Nikaandika 5S. Hiyo ni Madagaska! Nikaita kwa furaha. Alipojibu niliongeza upana hadi hezi 250, kelele zikarudi, na pamoja nazo nukta ya nne. Haikuwa S, ilikuwa H. Nilikuwa naongea na Mtanzania mwenzangu.

Chujio jembamba haliwezi kuanza wala kunyamaza papo hapo. Kadiri linavyokuwa jembamba ndivyo linavyochelewa. Kwa kasi ya maneno 25 kwa dakika, nukta moja hudumu milisekunde 48, na pengo linaloifuata ni hivyohivyo. Chujio la hezi 50 huhitaji kama milisekunde 20 kuinua sauti na nyingine kama hizo kuishusha, na kama kingo zake ni kali, mlio unavuta zaidi. Mkia wa nukta unaingia kwenye pengo, nukta zinashikana, na sikio linahesabu tatu badala ya nne. Kwa anayetuma polepole, maneno 12 kwa dakika, nukta ni milisekunde 100 na madhara hayaonekani sana.

Wengi hudhani sikio linapokea kila kitu na redio ndiyo inayochuja. Sivyo. Sikio lenyewe ni chujio. Kwenye toni (mlio wa Morse unaousikia) ya hezi 500 hivi, linatenga ukanda wa karibu hezi 100. Toni ikipanda, ukanda huo unapanuka. Ndiyo maana siku hizi toni yangu iko hezi 450, wakati zamani nilisikiliza kwenye 800. Ukiteremsha toni sikio linakubania lenyewe, bila kuongeza mkia wa chujio la redio. Kama utabadilisha kitu kimoja tu leo, badilisha hicho. Kisha punguza sauti ya hedifoni mpaka kelele iwe ya chini kabisa. Sikio lililochoshwa halitofautishi kitu.

Kupima hilo hakuhitaji maabara. Fungua 14.100 MHz. Kuna bikoni 18 duniani, yaani vituo vinavyojituma vyenyewe ili watu wapime usikivu, zinazopokezana hapo, kila moja sekunde 10, na mzunguko mzima ni dakika 3. Kila bikoni hutuma jina lake kwa maneno 22 kwa dakika, halafu deshi nne za sekunde moja moja. Jina na deshi ya kwanza hutoka kwa wati 100, ya pili wati 10, ya tatu wati 1, ya nne wati 0.1. Kila deshi iko desibeli 10 chini ya iliyotangulia. Ni ngazi iliyosimamishwa hewani, bure.

Sasa hesabu: kutoka upana wa hezi 2,400 kwenda 240, kelele inapungua kwa desibeli 10. Kwa karatasi, ungepata deshi moja zaidi. Mimi mara nyingi siipati yote, kwa kuwa sikio lilikwisha kuchuja sehemu kubwa kabla sijagusa kitu.

Basi chujio lina kazi gani? Jirani. Kituo chenye nguvu kikiwa hezi 700 pembeni, redio inajipunguzia usikivu kila jirani huyo anapobonyeza ufunguo wa Morse, na yule hafifu wako anazama pamoja naye. Hapo bana, tena kwa chujio lililo ndani ya redio, kabla ya sehemu inayojirekebisha usikivu. Chujio la kwenye hedifoni linaondoa sauti ya jirani, lakini haliwezi kurudisha kilichokwisha kuzamishwa.

Masika ni habari nyingine. Kila radi ni mpasuko mfupi sana, na mpasuko ukipita kwenye hezi 50 unatoka umerefuka, una toni ileile ya Morse. Unasikia herufi ambazo hakuna aliyezituma. Wakati wa radi nafungua hadi 500, napunguza usikivu wa mbele wa redio (RF gain), naacha ule mpasuko upite ukiwa mfupi. Na umeme ukikatika mtaani, usikae gizani bure: adapta na taa za LED zote zimezima, washa redio kwa betri ya sola. Hakuna chujio linaloshinda ukimya huo.

Kwenye 14.100 utasikia Afrika Kusini, kisha zamu ya Kenya, Israeli, halafu Ufini. Usishangae Kenya ikipotea: iko karibu mno, na mara nyingi wimbi lake linaturuka na kutua mbali. Wiki iliyopita, jioni, Ufini iliingia kwa deshi mbili kwenye hezi 500. Nilipobana hadi 250, ya tatu ilikuwepo, nyembamba, ya wati 1. Kwenye 50 sikuweza tena kusema ilianzia wapi.