Usigawe mshahara wako kwa 26

Kazi yangu ya kwanza baada ya kuacha ajira ilikuwa mota ya korona, ile mashine ya kuchuna nyuzi za mkonge, shamba moja la mkonge njia ya Muheza, imeungua usiku na majani yamelundikana uwanjani yanakauka. Meneja kanipigia alfajiri, "fundi, siku moja unachukua ngapi?" Mi fasta nikachukua mshahara wangu wa kiwandani, 1,200,000, nikagawa kwa siku 26 za kazi, ikaja 46,000 na kitu, nikajiona mjanja nikamwambia 50,000. Akasema "njoo." Hakuomba nipunguze hata buku! Sasa we ukiona mwenye shamba hajapunguza bei jua umejichinja mwenyewe.

Siku tatu, 150,000. Toa nauli, toa bodaboda ya kuingia ndani shambani, toa msosi, toa beringi pula (kifaa cha kung'olea beringi) ya kuazima ambayo mwenyewe alitaka "ya soda". Afu nikakaa siku tisa simu haijalia.

Mi ni fundi umeme wa viwandani, mota, paneli, mambo ya kontakta na ovalodi, vile vifaa vya kuwasha na kulinda mota, miaka tisa niko kiwandani hapahapa Tanga na huu wa nne niko mwenyewe. Vijana wananiuliza sana hapo Ngamiani kwenye kahawa, kaka nami nataka kutoka, nianzeje. Wengi wanauliza habari za kusajili, na hizo ni nyepesi: TIN, jina la biashara BRELA, leseni ya biashara pale halmashauri ya jiji, na kama unafunga umeme leseni yako ya EWURA, wale wadhibiti wa nishati, iwe hai. Kinachowaua ni hesabu.

Ngoja tuipige upya. Ile 1,200,000 haikuwa yote niliyokuwa nalipwa ila nilikuwa siioni. Mwajiri alikuwa anaongezea asilimia 10 yake NSSF, hiyo 120,000. Likizo siku 28 kwa mwaka unakula huku umelala, ukiigawa kwenye miezi 12 weka 100,000. Bima ya afya ya familia, mi naiwekea 80,000. Mega na klampu mita (vipimo vyangu vya umeme), spana, ovaroli, buti, vocha, nauli, 150,000, na hapo nimejibana. Jumla 1,650,000, na hatujaongeza faida hata senti, hapo ndo umelingana tu na ulivyokuwa jana.

Haya, hiyo sasa gawa kwa siku ngapi? Sio 26. Nilikuwa naandika kwenye daftari, mwaka wa kwanza mwezi mzuri niliuza siku 12. Zilizobaki unaenda kuangalia kazi ambayo hutapewa, unafuata spea, unaandika kwotesheni, unakaa mapokezi ya watu unadai hela yako, na Aprili masika yakikolea mashambani hakuingiliki. 1,650,000 gawa kwa 12 ni 137,500. Na mi niliuza 50,000! Yani yule bwana wa mkonge nilimsaidia kama ndugu.

Ugonjwa nao usisahau. Kwenye ajira sheria inakupa siku 126 za kuumwa ndani ya miezi 36, nusu yake kwa mshahara kamili na nusu kwa nusu mshahara. Huku nje ukiteguka mkono wiki mbili ni wiki mbili za bure.

Kuhusu kutoka kwenyewe. Kama unalipwa kwa mwezi notisi ni siku 28, iandike, usiondoke kwa hasira. Likizo uliyolimbikiza dai, cheti cha utumishi dai. Ila usipige hesabu za kile kiinua mgongo cha siku 7 kwa kila mwaka, kile sheria inampa aliyeachishwa na mwajiri, sio we uliyeandika barua mwenyewe, na hata fao la kukosa ajira la NSSF ni hivyohivyo. Mi nilishaipangia tofali ile hela, mama watoto alinicheka mpaka leo ananicheka.

NSSF usiiache ilale. Pensheni inataka michango ya miezi 180, mi nilitoka na 108, bado 72, kwa hiyo najichangia mwenyewe kwa hiari. Inauma kila mwezi lakini ile 108 niliitolea jasho bwana.

Kwenye malipo, kampuni ikikulipa huduma inakata asilimia 5 ya kodi ya zuio. Mara ya kwanza invoisi ya 800,000 nikaona imeingia 760,000, nikaenda kufoka kwa mhasibu, dada wa watu kanisikiliza mpaka mwisho afu kaniambia taratibu, "kaka, hukuibiwa, subiri cheti chako." Kile cheti cha zuio kitunze, ile 40,000 inahesabiwa kwenye kodi yako ya mwaka. Na spea usizinunue kwa hela yako, mwambie anunue mwenyewe au akupe advansi, maana wanakwambia siku 30, ukienda ya 31 bosi kasafiri, ukienda ya 50 saini imebaki moja.

Mwaka jana kiwanda changu cha zamani kikaniita. Meneja mtu mzima, nikamwamkia, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, kaa. "Tunataka urudi kama kontrakta." Nikauliza, saa ngapi naingia? Shifti ileile. Zana za nani? Zetu. Naruhusiwa kuchukua kazi za nje? Hapana, tunataka uwe wetu. Mzee, nikamwambia, hiyo ni ajira mmeivua NSSF na likizo. Na sheria ya kazi ya 2004 inaliona hilo: ukipangiwa saa, ukapewa zana, ukamtumikia mtu mmoja tu, hata moja tu ya hizo ikiwepo unahesabiwa mfanyakazi mpaka yeye athibitishe vinginevyo, hata kama karatasi imeandikwa kontrakta.

Akanyamaza, akavua miwani, akauliza, "Sasa we unatakaje?"

Nikamwambia nipeni shatdauni, yani mkisimamisha kiwanda kwa matengenezo, paneli zote na mota kubwa, bei ya kazi nzima, zana zangu, robo tatu mkononi kabla sijafungua bolti. Tukavutana wee mpaka azana ya adhuhuri, tukakamatana kwenye nusu.