Ukisoma Ahadi ya Tabianchi ya Kampuni ya Vinywaji, Anza na Kopo

Ukifungua soda, ule mlio unaousikia ni kaboni dioksidi inayotoka. Wengi hutuuliza kama hiyo ndiyo hewa ukaa inayozungumzwa kila siku. Gesi ni ileile, ila hapo ni kidogo mno: kopo la mililita 330 huwa na gramu 2 au 3 tu. Sasa litazame kopo lenyewe. Lina uzito wa gramu 13 hivi, na kama alumini yake ni mpya na iliyeyushwa kwa umeme wa makaa ya mawe, basi zaidi ya gramu 200 za hewa ukaa zilishapanda angani kabla halijatiwa hata tone la kinywaji. Alumini iliyorejelewa huokoa takriban asilimia 95 ya nishati inayohitajika kutengeneza alumini mpya.

Tunaanza na kopo kwa sababu hapo ndipo msomaji wa ripoti za kampuni za vinywaji hupotea. Tangu 2001, kampuni nyingi duniani hufanya hesabu za hewa ukaa zinayoitoa kwa mwongozo wa kimataifa uitwao GHG Protocol, wenye mafungu matatu. La kwanza ni moshi wa kampuni yenyewe, yaani boila na magari yake. La pili ni umeme inaonunua. La tatu ni yote yaliyobaki: shamba la shayiri au la miwa pamoja na mbolea yake, chupa na makopo, malori ya kukodi, na majokofu ya dukani. Kwa vinywaji, fungu hili la tatu ndilo kubwa, tena kwa mbali. Kwa hiyo kampuni ikitangaza kwamba viwanda vyake vyote vinatumia umeme wa jua, huenda inasema kweli tupu, na bado sehemu kubwa ya mzigo haijaguswa.

Majokofu hayo yanastahili macho zaidi. Huwaka usiku na mchana kwa umeme wa mwenye duka, na mengi ya zamani yana gesi ya kupozea iitwayo R-134a. Kilo moja tu ikivuja hupasha joto dunia sawa na takriban kilo 1,400 za kaboni dioksidi. Marekebisho ya Kigali ya 2016, ambayo ni makubaliano ya kimataifa, yameweka utaratibu wa kupunguza gesi za aina hiyo, na propani ni mbadala unaofanya kazi vizuri. Ripoti isiyotaja majokofu kabisa sisi huisoma kwa mashaka.

Kisha kuna suala la "kwa kila lita". Tuseme kampuni inatoa gramu 100 za hewa ukaa kwa kila lita ya kinywaji na kuuza lita bilioni 1: jumla ni tani 100,000. Miaka michache baadaye imeshuka hadi gramu 80, lakini inauza lita bilioni 1.5. Itajisifu kwa punguzo la asilimia 20, wakati jumla imepanda hadi tani 120,000. Angahewa hupokea jumla. Tafuta namba hiyo, na mwaka unaolinganishwa nao.

Neno "sifuri halisi", yaani kutobakiza hewa ukaa ya ziada angani, nalo lina masharti. Kwa kigezo cha 2021 cha Science Based Targets, mpango wa kimataifa unaokagua malengo ya tabianchi ya kampuni, kampuni nyingi hutakiwa kupunguza hewa ukaa zinayoitoa kwa asilimia 90 au zaidi, ndipo mabaki yaondolewe angani kwa njia ya kudumu. Kununua vyeti vya kupanda miti hakuwezi kushika nafasi ya punguzo hilo.

Ahadi pia hubadilika. Mwaka 2025, PepsiCo ilisogeza lengo lake la sifuri halisi kutoka 2040 hadi 2050, na ikatangaza hadharani. Mtu anaweza kulipinga badiliko hilo, na anaweza kwa sababu limeandikwa. Kinachotusumbua zaidi ni lengo linalotoweka kimyakimya kati ya ripoti mbili. Ndiyo maana tunashauri uiweke ripoti ya mwaka jana kando ya ya mwaka huu, ufungue jedwali la uzalishaji wa hewa ukaa, na uangalie kwanza kama fungu la tatu bado lipo.