Kiungio cha Gesi Kikitangazwa Kurejeshwa, Usingoje Harufu

Swali ambalo wananchi huuliza mara nyingi wanaposikia tangazo la kurejesha viungio vya gesi, yaani vifaa vinavyounganisha mtungi au bomba la gesi na jiko, ni hili: "Mbona changu hakivuji, nikirudishe cha nini?" Swali ni la haki, kwa kuwa mtu amenunua kifaa kwa fedha yake, amekifunga, anapika kila siku na hajasikia harufu yoyote. Hata hivyo, tangazo la namna hiyo halitolewi dhidi ya kifaa kimoja kilichovuja. Hutolewa dhidi ya kundi zima la uzalishaji, yaani vifaa vilivyotoka kiwandani kwa malighafi ileile na kwa mtambo uleule. Kasoro ikithibitika katika baadhi yake, vilivyosalia huhesabiwa kuwa navyo vinaweza kuvuja, ingawa havijaanza.

Kuchelewa huko kuvuja kuna sababu zake. Viungio vingi vya gesi hutengenezwa kwa brasi, ile shaba ya manjano iliyochanganywa na zinki. Brasi iliyobaki na mkazo ndani yake baada ya kufinyangwa kiwandani, au ambayo nati yake imekazwa kwa nguvu kupita kiasi, huweza kupata ufa taratibu, hasa ikikaa mahali penye mvuke wa amonia. Kwa wenzetu wanaopika kwenye kibanda kinachopakana na banda la kuku, jambo hili si la maabara tu, kwani amonia ndiyo ile harufu kali inayotoka kwenye kinyesi cha kuku. Kasoro nyingine ni ya washa, yaani pete ya mpira ya kuziba iliyo ndani ya kiungio. Gesi ya mitungi ni mchanganyiko wa propani na butani, na mpira usiotengenezwa kwa ajili ya gesi hiyo huvimba, hulegea, kisha hupoteza umbo. Ndiyo maana kukata kipande cha tyubu ya baiskeli na kukiweka mahali pa washa iliyochakaa, jambo ambalo baadhi ya mafundi huliona kuwa ubunifu, ni kosa.

Nchini Marekani, Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji iliwahi kuonya kuhusu mabomba ya zamani ya brasi yanayopindika, yaliyokuwa yakiunganisha jiko na bomba la gesi la nyumba, kwa kuwa ncha zake ziliungwa kwa namna ambayo, miaka ikipita, huweza kuachana na bomba lenyewe. Viwanda vilikuwa vimekwisha kuacha kuyatengeneza, lakini mabomba yalibaki nyuma ya majiko ya watu. Wananchi walitahadharishwa wasilisogeze jiko ili kuchungulia, kwa sababu hata msogeo mdogo ungeweza kuvunja kiungo. Kazi hiyo waachiwe mafundi wenye sifa.

Hapa Dodoma tunategemea mitungi, na gesi yake ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi darini kama ifanyavyo gesi asilia inayosambazwa kwa mabomba katika baadhi ya nyumba za Dar es Salaam na Mtwara, bali hushuka sakafuni, hutambaa chini ya meza na kujikusanya kwenye kona. Ikifikia takriban asilimia 2 ya hewa ya chumba, cheche moja inatosha kuilipua. Katika miezi ya Juni na Julai, upepo unapovuma na baridi ya usiku ikawafanya watu wafunge madirisha, uvujaji mdogo ambao msimu mwingine ungepeperushwa hubaki ndani hadi asubuhi.

Kwa hiyo, tangazo likitaja kifaa chako, funga valvu ya mtungi kwanza, kisha linganisha chapa, aina na namba ya kundi iliyochorwa kwenye kifaa au kuandikwa kwenye boksi lake. Zikilingana, acha kukitumia, kiondoe jiko likiwa limezimwa na limepoa, na ukirudishe ulikonunua pamoja na risiti kama unayo. Usikizungushie utepe mweupe wa mafundi bomba: viungio vingi vya gesi huziba kwa kugusanisha nyuso za ndani na si kwa thredi (mistari ya kuzungushia kama ya skrubu), hivyo utepe hauzuii uvujaji na unaweza kuzuia nyuso hizo zisikutane sawasawa. Usikitupe jalalani pia, kwani mwokota vyuma chakavu anaweza kukiuza tena kikiwa kimesafishwa.

Muuzaji akikataa kukipokea, mwananchi apeleke malalamiko Shirika la Viwango Tanzania au Tume ya Ushindani. Masuala ya biashara ya gesi yenyewe yako chini ya EWURA, yaani Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, ambayo makao yake makuu yapo hapahapa jijini.

Baada ya kufunga kifaa kipya, paka povu la sabuni kwenye kila kiungio valvu ikiwa wazi na jiko likiwa limezimwa; mapovu yakikua, gesi inatoka. Kiberiti kisitumike kamwe kwa kazi hiyo. Ukisikia harufu ya gesi ndani, usiwashe wala kuzima taa, funga valvu ikiwa unaifikia bila hatari, fungua milango, toa watu nje, kisha ukiwa mbali na nyumba piga 114 kuwaita Zimamoto na Uokoaji.

Lipo neno kwa wenye maduka wa Majengo na Sabasaba wanaofungasha mzigo kutoka Kariakoo. Boksi linapofunguliwa na viungio kumwagwa kwenye ndoo moja na vya boksi jingine, namba ya kundi iliyokuwa kwenye boksi hupotea, na siku ya tangazo muuzaji hawezi kujua kipi ni kipi. Atalazimika kuondoa ndoo nzima, ingawa kuandika namba hiyo kwenye daftari la mauzo siku mzigo unapoingia kungemchukua dakika moja.